Jaketi okozi si mto wa kukalia

Kama umewahi kuvuka maji kwa mtumbwi katika bonde la Kilombero, huenda umeliona jaketi okozi la rangi ya chungwa likiwa limekunjwa chini ya makalio ya abiria. Sakafu ya mtumbwi ni ngumu na ina majimaji, jaketi ni laini, basi limegeuzwa mto. Mwenye mtumbwi hasemi kitu, maana kwa hesabu yake jaketi lipo. Mama aliyembeba mtoto mgongoni kwa kanga naye hasemi kitu, maana amevuka hapo tangu akiwa msichana na hajawahi kuanguka. Upondo unasukumwa, safari inaanza.

Safu hii imezoea kuzungumzia malaria, lishe na dawa. Leo naomba nafasi ya kuzungumzia kuzama, kwa sababu kuzama nako ni jambo la afya, na wazazi wengi tunalichukua kama ajali isiyo na kinga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka 2021 duniani kote, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto wa umri huo hahitaji mto mkubwa. Shimo la maji nyuma ya nyumba, kisima kisichofunikwa au jaruba la mpunga lililojaa linamtosha.

Najua utaniambia tuna daraja. Ni kweli, na tunashukuru. Wenyeji wa Ifakara na Ulanga hawajasahau Januari 2016, kivuko cha MV Kilombero II kilipozama. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilipozinduliwa Mei 2018, hofu ya kivuko ikaisha. Lakini daraja linamvusha anayekwenda Lupiro, Mahenge au Malinyi kwa barabara. Halimvushi mvuvi anayelala kambini mtoni, wala familia inayohamia shamba la mbali msimu wa mvua, ikalala kwenye dungu kulinda mpunga na kurudi mjini baada ya mavuno. Hao bado wanapanda mtumbwi, na mara nyingi wanapanda na watoto. Mto Lumemo nao ukifurika, maji yanamfuata mtu mlangoni.

Hoja yangu ni kwamba kifaa cha kuelea ambacho hujawahi kukivaa, kukifunga na kukijaribu ukiwa nchi kavu, usikihesabu. Niliifikia hoja hii kwa njia ya mbali kidogo, kupitia wapiga mbizi wa baharini, kwa hiyo niwie radhi nikikutoa bondeni kwa dakika chache.

Watu wanaopiga mbizi na mitungi ya hewa, kama wanaowapeleka watalii kuona matumbawe Zanzibar, Pemba na Mafia, huvaa jaketi la aina yake. Limeungwa na mtungi kwa mpira mwembamba, na lina kitufe. Ukibonyeza, hewa inaingia na unapanda kidogo. Ukibonyeza kingine, hewa inatoka na unashuka. Sasa chumvi au mchanga ukiganda ndani ya kitufe, huweza kukwama kikiwa kimebonyea. Hewa inaendelea kuingia hata ukiondoa kidole. Jaketi linavimba na kumvuta mtu juu, na kadiri anavyopanda ndivyo mgandamizo wa maji unavyopungua na hewa inavyozidi kutanuka. Kwa kina cha mita 10, hewa iliyojaza lita moja ikifika juu inajaza lita mbili. Jaketi lililotengenezwa kumlinda linamrusha juu kama kizibo cha chupa.

Hatari kubwa iko kifuani. Hewa ya mtungi aliyoivuta akiwa chini nayo inatanuka, na akibana pumzi kwa woga, mapafu yanaweza kupasuka na vipovu vya hewa vikaingia kwenye mishipa ya damu hadi kichwani. Kwa hiyo hufundishwa mambo machache, na kwa haraka: chomoa mpira unaoleta hewa, inua na ufungue njia ya kutolea hewa, tandaza mikono na miguu ili maji yakupunguzie kasi, na usibane pumzi hata kidogo. Akishatulia, anaendelea kupanda polepole, na akihitaji hewa ndani ya jaketi anaipuliza kwa mdomo. Aliyerushwa juu kwa kasi kisha akaumwa kifua, akachanganyikiwa au akaishiwa nguvu upande mmoja, hulazwa chali, hupewa oksijeni na kupelekwa hospitali mara moja. Huenda akahitaji kutibiwa katika chumba maalumu cha mgandamizo wa hewa.

Hilo la kupasuka mapafu lisikutishe wewe wa mtumbwini. Ni la mtu aliyevuta hewa ya mtungi akiwa chini ya maji. Wewe uliyeanguka na hewa uliyoivuta juu, mapafu yaliyojaa ni boya lako la kwanza. Lakini zingatia jinsi anavyofundishwa. Mpiga mbizi hasubiri kitufe kikwame ndipo atafute mpira uko wapi. Anazoezwa kuuchomoa na kuurudisha akiwa kwenye maji ya kina kifupi na mwalimu pembeni, tena na tena, mpaka mkono unaujua njia bila macho. Kabla ya kuingia majini anabonyeza kila kitufe na kukisikiliza. Akitoka, anaosha kila kitu kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Mtu huyu ni mzoefu, analipwa kwa kazi hiyo, na bado hakiamini kifaa chake. Sisi tuna mtoto wa miaka minne, mto wenye mkondo, na jaketi ambalo hatujui hata kama kamba zake zinafungika.

Kuna tukio moja la Afrika Mashariki ambalo lingepaswa kusimuliwa kila mahali panapogawiwa majaketi okozi. Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na ufuko wa Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa. Miongoni mwao walikuwamo abiria waliojaza hewa majaketi yao wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, majaketi yaliwainua hadi darini na kuwabana huko, wakashindwa kupiga mbizi kuifikia milango. Jaketi lilifanya kazi yake barabara, ila mahali pasipo pake. Ndiyo sababu wahudumu wa ndege husisitiza: usijaze hewa mpaka utoke nje. Tangazo hilo wengi wetu hulisikiliza tukiwa tunatafuta chaja ya simu.

Turudi Kilombero. Majaketi utakayoyakuta ni ya aina mbili kuu. La kwanza lina sponji nene ndani. Halihitaji kujazwa, ukianguka linaelea palepale. La pili ni jembamba, limekunjwa shingoni, lina chupa ndogo ya gesi na kamba ya kuvuta. Hili la pili ni zuri kwa mtu mzima aliyefundishwa, lakini linaweza kukwama vilevile kama kitufe cha mpiga mbizi, ila kwa upande wa pili: unavuta kamba, hewa haiji. Chupa imelegea au imekwisha kutumika, au kutu imekula pini. Ndiyo maana huwekewa kibomba cha kupuliza kwa mdomo karibu na bega. Kama unalo la namna hii, lipulize usiku, ulilaze juu ya meza, uliangalie asubuhi. Likiwa limenywea, linavuja. Kisha vaa, fumba macho, na utafute kile kibomba kwa mkono mmoja. Ukikikosa sebuleni, mtoni hutakipata.

Kwa mtoto mdogo, usikubali jaketi la kuvuta kamba. Mtoto hawezi kuvuta. Vilevile kwa ndugu yetu mwenye kifafa, na hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi kuliko watu wa sehemu nyingine nyingi.

Ulanga, hasa Mahenge, imejulikana kwa wingi wa wagonjwa wa kifafa tangu Dkt. Louise Jilek-Aall alipoanzisha kliniki yao huko mwaka 1960. Kuzama ni moja ya njia kuu ambazo kifafa huua, na mtu hufa hata kwenye maji yanayofika magotini, kwa sababu degedege linapomkuta hapigi kelele, hajitetei, uso unaingia majini na dakika chache zinatosha. Mgonjwa wa kifafa asivue peke yake, asichote maji kwenye kisima cha wazi peke yake, na akipanda mtumbwi avae jaketi la sponji linalomwelesha uso ukiwa juu bila yeye kufanya lolote. Na dawa zake azimeze kila siku, hata akiwa shambani. Familia nyingi huhamia shamba na gunia la mbegu, sufuria na chandarua, halafu dawa za kifafa zinabaki mjini kwa sababu mgonjwa “yupo vizuri siku hizi”. Yupo vizuri kwa sababu anazimeze hizo dawa. Kabla ya kuhama, pita kliniki uombe za kutosha msimu.

Kuhusu ukubwa wa jaketi, kipimo ni rahisi. Mvalishe mtoto, funga kamba zote pamoja na ile inayopita katikati ya miguu, kisha shika jaketi mabegani na umnyanyue kidogo. Likipanda likamfunika masikio au kidevu kikapotea ndani, litafanya hivyohivyo majini, au atachomoka chini kabisa. Usimnunulie kubwa ili “alikulie” kama sare ya shule. Soma uzito ulioandikwa ndani. Bonyeza sponji kwa vidole: likiwa gumu, limevunjikavunjika au limelowa na kuwa zito, limezeeka. Na kulikalia kila siku ndiko kunakolizeesha, kwa kulibana mpaka hewa iliyo ndani ya sponji inaisha.

Mama mwenye mtoto mgongoni, hili ni gumu kwako, nalijua. Mtumbwi ukipinduka na mtoto amefungwa kwa kanga, wewe ukielea kifudifudi mnazama wote, na ukielea chali mtoto yuko chini yako. Wakati wa kuvuka, fungua fundo, mpakate mbele, kila mmoja na jaketi lake. Kanga utaifunga tena ng’ambo.

Asiye na jaketi je? Bei si ndogo, na sitakupuuza kwa kukuambia “nunua tu”. Dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko kinachobana linaweza kumshikilia mtu mzima juu ya maji, bora alikumbatie kifuani. Lijaribu kwa kulizamisha kwenye beseni: vipovu vikitoka kwenye kifuniko, halifai. Lakini usilifunge mwilini mwa mtoto, hasa mgongoni, maana linaweza kumpindua uso ukaangalia chini. Dumu ni la kushika na la kurushiwa mtu, likiwa na kamba. Mipira ya ndani ya matairi wanayochezea vijana siiamini. Vali inavuja, na mtoto huchomoka katikati kama embe kwenye kikapu kilichotoboka.

Ukianguka, acha kwanza kuogelea. Jilaze chali, masikio ndani ya maji, kifua kimejaa hewa, vuta pumzi fupi na urudishe. Wanaozama wengi huanza kwa kurusha mikono juu kama wanaopanda ngazi, na kila mkono unaotoka majini unakizamisha kichwa. Mtumbwi wa gogo hata ukijaa maji huendelea kuelea, kwa hiyo ushike. Mkondo ukikuchukua, tanguliza miguu, usishindane nao, jisogeze taratibu kuelekea ukingoni. Na aliye ukingoni asirukie. Anyooshe upondo au arushe dumu. Misiba ya watu wawili huanza hivyo, mmoja alianguka na mwingine akamfuata kwa mapenzi. (Kwa kiboko sina somo, zaidi ya kukaa mbali naye.)

Wapo wazazi wanaosema mafunzo ya namna hii yatawazoesha watoto maji, heri waendelee kuogopa mamba. Nawaelewa, na mamba wapo kweli. Lakini woga unamzuia mtoto kwenda mtoni kwa siku fulani tu. Haumsaidii siku mtoni kunapomjia yeye. Tatizo la kweli ni mahali pa kujifunzia: mto una mamba, madimbwi yana kichocho, na mabwawa safi ya kuogelea ni machache. Hilo sina jibu lake zuri. Ninachojua ni kwamba nusu ya mafunzo haihitaji maji. Kuvaa, kufunga, kunyanyuliwa, kupuliza filimbi na kurusha dumu lenye kamba, vyote vinafanyika uwanjani. Siku ya kliniki ya watoto mama wamekaa kwenye foleni saa mbili. Robo saa ya kufundishwa kumfunga mtoto jaketi haitamchelewesha mtu. Mkutano wa kijiji kabla ya msimu wa kulima nao unaweza kuamua kwamba mtumbwi wa kuvusha watu hauondoki mpaka majaketi yamevaliwa. Kuwepo tu kusihesabiwe. Mvushaji hatapenda, kama makondakta wasivyopenda mikanda. Na abiria wa kwanza kukataa kupanda atachekwa, namwomba avumilie.

Mtu akitolewa majini hapumui, piga kelele msaada uje, na mwingine apige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au atafute usafiri. Usimning’inize kichwa chini, usimkandamize tumbo, usimbiringishe juu ya pipa. Hayo tumeyarithi, lakini yanapoteza dakika ambazo ubongo hauna, na chakula cha tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Aliyezama amekosa hewa, basi mpe hewa. Mlaze chali, inua kidevu, mbane pua, mpulizie pumzi tano mdomoni huku ukiangalia kifua kinavyoinuka. Kwa mtoto mchanga funika mdomo na pua kwa pamoja. Asipoanza kupumua wala kujitikisa, kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi mbili, na uendelee hivyo bila kuchoka. Kwa mtu mzima kifua kishuke kama sentimita 5, kwa mtoto theluthi ya unene wa kifua chake. Povu likitoka mdomoni usipoteze muda kulifuta, endelea.

Akizinduka, mgeuze ubavu, mvue nguo zilizolowa, mfunike. Kisha mpeleke hospitali, hata kama anaongea, anacheka na anaomba uji. Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye, wakati nyumba nzima imelala. Kikohozi kisichokoma, kupumua haraka haraka, usingizi usio wa kawaida au midomo kubadilika rangi ni dalili za kukimbia naye usiku huohuo. Ukifika, mwambie daktari alikaa majini muda gani, kama alipoteza fahamu, na mliompulizia mlimpulizia kwa muda gani. Kama ni mwenye kifafa, taja dawa anayotumia na siku ya mwisho aliyoimeza.